Neno Hili Lina Sikio la Nani?

Harufu ya rangi ya mafuta haitoki mikononi kwa urahisi. Nilisugua kwa sabuni ya mche, nikasugua kwa mafuta ya taa, nikasugua kwa mchanga wa mto Turkwel kama mama yangu anavyosugua sufuria, na bado kila nilipojigeuza kitandani na mkono ukapita karibu na pua, rangi ilikuwa pale pale. Siku nne sikupata usingizi wa maana. Shaka iliyoninyima usingizi ilikuwa fupi kuliko nilivyoifanya: je, niufute ukuta au nisiufute? Mtu mwingine angeamua kabla chai haijapoa. Mimi ni mtu ambaye akituma ujumbe wa kusema asante, huusoma tena mara tatu baada ya kuutuma, aone kama haukumkosea mtu. Kwa hiyo nililala chali, joto la Lodwar likiwa limenikalia kifuani, nikaisoma kichwani barua ya mwalimu mkuu ambayo tayari niliijua kwa moyo. Ilisema kwamba ifikapo Jumatatu asubuhi niwe nimeupaka ukuta wa nje wa darasa la tano rangi nyeupe, la sivyo nieleze kwa maandishi kwa nini mkataba wangu wa ualimu, unaokwisha mwezi ujao, uendelee.

Ukuta wenyewe hauna matusi wala siasa. Una maneno hamsini ya Kiingereza ambayo watoto huyatumia kila siku, na mbele ya kila neno nimechora sikio la mbuzi lenye mkato. Mikato inatofautiana, na chini kabisa kuna maelezo: mkato huu ni wa Kilatini, huu wa Kifaransa, huu wa Kiarabu, huu wa Waingereza wenyewe. Mwalimu mkuu aliniachia ukuta huo nipambe kabla wageni wa elimu hawajaja, na nadhani alitarajia matunda na wanyama. Wageni walikuja. Mmoja wao, mwanamume mpole mwenye kalamu mbili mfukoni, akamwuliza msichana wa dawati la mbele maana ya masikio yale. Msichana akamweleza vizuri, bila woga, kisha naye akamwuliza mgeni: “Na hili la ‘sugar,’ walipewa au walichukua?” Mgeni akaandika kitu kwenye karatasi yake. Siku tatu baadaye barua ikanifikia mezani.

Swali lile halikuwa la msichana yule, wala halikuwa langu. Lilitoka Kakuma, katika kiangazi kimoja nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, na wenye swali walikuwa nyanya yangu aliyekuwa hajui kusoma na mzee mmoja wa Sudan Kusini aliyekuwa akisoma kwa kidole.

Mwaka huo mama, ambaye alikuwa akifagia ofisi za serikali hapa Lodwar, aliugua mgongo, nikapelekwa kwa shangazi Kakuma mjini na kuandikishwa shule ya huko, darasa la sita. Shangazi alikuwa akiuza makaa ya mathenge, ule mti wa miiba ambao kila mtu anaulaani na kila mtu anapikia. Alfajiri tulivuka mchanga wa laga, mto ambao maji yake huja siku moja na kuondoka siku ya pili, magunia yakiwa kichwani, tukaingia kambini kuuzia wakimbizi. Nakumbuka harufu za njia ile moja baada ya nyingine kama shanga: moshi wa makaa, samaki mkavu aliyeletwa kutoka Kalokol, mkate wa Wasomali, kahawa iliyotiwa tangawizi, vumbi. Na sauti: Kiturkana cha wauza kuni, Kisomali cha wenye maduka, Kiswahili cha Wakongo ambacho kilinifanya nicheke mpaka nilipogundua kwamba wao nao walikuwa wanakicheka changu. Katika masafa ya nusu saa nilikuwa nimesikia lugha saba, halafu kengele ya shule inalia na kunakuwa na lugha moja tu inayoruhusiwa.

Mteja mkubwa wa shangazi alikuwa Mzee Lual. Alikuwa na duka la mabati la kuuza sukari, mtama, sabuni na betri, na siku za Jumapili aliongoza kwaya ya kanisa lao kwa sauti iliyotikisa mabati hayo. Familia zinazosafirishwa kwenda ng’ambo huuza kila kitu kabla ya kupanda ndege, na kutoka kwa familia moja Mzee Lual alikuwa amenunua kitanda, jiko, na kamusi ya Kiingereza nene kama tofali, isiyo na jalada. Kitanda na jiko viliuzika. Kamusi haikupata mnunuzi, basi akaanza kuisoma mwenyewe, akijiandaa kwa siku ambayo naye angeitwa kwenye mahojiano ya safari. Ilikuwa kamusi ya aina ambayo shuleni hatukuwa nayo. Baada ya maana ya neno, ndani ya mabano, ilieleza neno lilikotoka na lilikopitia.

“Binti, kuja hapa,” aliniita siku moja nikiwa nasubiri shangazi apime makaa. “Hii kitabu iko na siri mingi. Soma hapa, macho yangu inachoka.”

Nikasoma. Ilikuwa “sugar,” na mabano yalisema neno lilipitia kwa Wafaransa, likatoka kwa Waarabu, na kabla ya hapo Uajemi na India.

“Sukar,” akasema Mzee Lual, akapiga meza kwa kiganja. “Hii yetu. Nyumbani Juba tunasema sukar. Na hii ‘cotton,’ angalia, ni gutun. Yetu pia.”

“Yenu tangu lini, Mzee?” shangazi akamjibu bila kuinua macho kutoka kwenye gunia. “Wewe hata muwa mmoja hujawahi kupanda. Waarabu walikuachia neno, nawe unajifanya mwenye shamba.”

“Mama makaa, wewe uza makaa.”

“Nauza. Wewe unauza sukari ya watu.”

Tulicheka wote watatu, lakini mimi nilirudi nyumbani na kitu kimenikwama. Shuleni Kiingereza kilikuwa kama maji ya kisima kirefu: safi, baridi, cha watu wengine, na sisi wenye midomo ya vumbi tulitakiwa kunawa kabla ya kukigusa. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba nacho kilikuwa na vumbi la njiani.

Jioni nilimhadithia nyanya. Tulimwita Ata, kama Waturkana wote wanavyomwita nyanya, na kiangazi hicho alikuwa amewaleta mbuzi wake karibu na Kakuma kwa sababu ya malisho ya kando ya laga. Ata alikuwa mwembamba, mkavu, mwenye shanga nyingi shingoni hata kichwa chake kilionekana kama kimewekwa juu ya mtungi. Alinisikiliza akikamua. Kwa wafugaji wetu mnyama haulizwi umri wala uzuri kabla hajaulizwa sikio. Kila familia ina mkato wake wa masikio na kila ukoo una chapa yake ya moto, na mnyama mgeni akiingia zizini mtu humshika sikio gizani kwa vidole, akajua ametoka wapi. Wanaume husifika kwa kujua chapa, lakini aliyekamua ndiye ajuaye masikio, kwa maana kichwa cha mkamuaji kipo pale pale.

Nilipomaliza, Ata aliuliza swali moja: “Na hayo maneno mengine ya Wazungu, yana masikio ya nani?”

Ndivyo msimu wetu ulivyoanza. Kila siku baada ya shule nilipita kwa Mzee Lual, nikanakili kwenye daftari maneno ambayo mwalimu alikuwa ametufundisha siku hiyo pamoja na mabano yake. Jioni nilimsomea Ata, naye akanisaidia kuyachora masikio. Kilatini tulikipa mkato mrefu wa katikati. Kifaransa, mikato miwili ya pembeni. Kiarabu, mkato uliopinda kama ndoana. Watu wa kaskazini waliokuja Uingereza kwa mashua na shoka, kamusi iliwaita Wanorsi, tuliwapa tundu la mviringo. Waingereza wenyewe niliwachorea sikio zima lisilo na alama, Ata akakataa. “Hata wa nyumbani hukatwa,” alisema. “Asiye na mkato ni wa porini.” Tukawapa mkato mdogo wa ncha.

Siwezi kueleza furaha ya jioni zile bila kuonekana ninatia chumvi. Nilimwambia Ata kwamba “window,” dirisha, lilitoka kwa watu wa mashua na shoka, na kwamba kwao lilikuwa na maana ya jicho la upepo. Aliacha kukamua. “Hilo ni neno la mtu aliyelala nje,” alisema kwa heshima. Nilimwambia “muscle,” msuli, kwa Kilatini ni panya mdogo, kwa sababu aliyelibuni aliona kitu kikitembea chini ya ngozi ya mkono. Ata alikunja mkono wake mkavu, akamtafuta panya wake, akasema amekufa njaa. Nilimwambia “candidate,” neno ambalo wanafunzi wa darasa la nane walilivaa kama taji, lilikuwa na maana ya mtu aliyevaa nguo nyeupe. Tuliitazama sare yangu, iliyokuwa imeanza kuwa na rangi ya laga, tukaliacha hilo.

Lakini Ata hakuwa mtu wa kufurahishwa tu. Kuuliza si ujinga, na yeye aliuliza kwa mpangilio kama mtu anayehesabu mifugo ya mkwe. Alitaka kujua yapi ni ya Waingereza wenyewe tangu mwanzo. Nikamwambia: maji, maziwa, mama, mkono, nyumba, ng’ombe. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. “Wana chao, basi. Mtu mwenye maziwa na mama si maskini.” Kisha akauliza ya serikali. Nikapekua: “court,” “judge,” “prison,” “tax,” “government,” yote masikio ya Kifaransa, mikato miwili miwili, ukurasa mzima. Ata aliutazama ukurasa ule kwa muda mrefu ingawa hakuweza kusoma herufi hata moja. Masikio aliyaona.

“Kumbe nao walitawaliwa,” alisema. “Aliyewashinda aliwaachia jela.”

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na nilihisi mtu amenifungulia lango. Watu ambao lugha yao ilituaibisha darasani walikuwa wameaibishwa na lugha ya wengine. Walisimama mbele ya hakimu aliyesema kwa maneno wasiyoyajua, kama Ata alivyowahi kusimama mahakamani Lodwar. Walichunga wanyama kwa jina lao, “cow,” na nyama ilipofika mezani kwa mabwana ikaitwa kwa jina la Kifaransa, “beef.” Na hawakufa kwa aibu. Walikaa na maneno ya watu, wakayakamua, leo wanatuuzia maziwa yake.

Swali la mwisho la Ata ndilo lililoharibu mambo. Akasema: “Kitabu cha Lual kinasema mbuzi ametoka zizi gani. Hakisemi alivyoondoka. Alipewa mtu, au alichukuliwa usiku?” Kwetu tofauti hiyo ni kubwa kama tofauti ya ndugu na adui. Mnyama wa kupewa ndiye urafiki wenyewe. Unamtunza, unalitaja jina la aliyekupa, na mwaka wako ukiwa mbaya unajua mlango wa kubisha. Mnyama wa kuporwa, mkato wake hufichwa. Nilirudi kwa Mzee Lual tukapekua mabano yote. Kamusi ilisema kutoka, kutoka, kutoka. Haikusema hata mara moja wamemshukuru nani.

Kosa langu lilikuwa kulipeleka swali hilo shuleni. Niliwaambia wenzangu wawili, wao wakawaambia wote, na kabla ya wiki kwisha mchezo ukawa umezaliwa. Mwalimu Barasa, aliyetufundisha Kiingereza, akiandika neno ubaoni tu, sauti inatoka nyuma kwa kunong’ona: “La nani?” Nyingine inajibu: “La Kilatini.” Nyingine tena: “Amepewa au ameiba?” Darasa zima likatetemeka kwa vicheko vya tumboni. Mwalimu Barasa alitoka upande wa Kitale. Alikuwa mtu mwema aliyenunua chaki kwa fedha yake, na aliamini kwa moyo wake wote kwamba Kiingereza ni ngazi pekee ya kututoa mchangani. Siku alipoandika “camp” na kuuliza maana yake, nilinyoosha mkono, nikasimama, nikasema kwamba ni neno la Kilatini la uwanja, lililopitia Italia na Ufaransa, na kwamba lina ndugu yake wa tumbo moja anayeitwa “campus,” yaani eneo la chuo kikuu, na kwamba Waingereza hawakusema waliyapataje.

“Nimeuliza maana,” alisema.

“Ndiyo hiyo, mwalimu.”

“Camp ni pale wanapoishi wakimbizi. Unapitia hapo kila asubuhi na gunia kichwani, na hujui maana yake?”

Walicheka, safari hii juu yangu. Akalitaka daftari langu. Akafunua, akakuta kurasa na kurasa za masikio ya mbuzi, akafunga. Alisema nimeharibu daftari la shule, nimechafua lugha na kuwafundisha wenzangu utovu wa adabu, na nisirudi darasani bila mzazi.

Shangazi alikuwa amesafiri. Nilimweleza Ata mwenyewe, na hapa ndipo alipofanya kosa ambalo ni mfugaji tu angeweza kulifanya. Kwa vile nilimwambia kwamba mwalimu amekasirika kwa sababu nimesema maneno ya Waingereza si yao yote, Ata alielewa kwamba nimeshtakiwa katika kesi ya mali. Na kesi ya mali ina taratibu zake. Asubuhi alichagua mbuzi mmoja wa madoa, akamfunga kamba, akapita kambini kumchukua Mzee Lual awe shahidi wa pili, na wote wanne tukaingia uwanja wa shule wakati wa mapumziko: Ata mbele, mbuzi nyuma yake, Mzee Lual akiwa amevaa shati la kwaya na kamusi ameifunga kwenye mfuko wa unga, na mimi mwisho, nikitamani laga ifurike inibebe.

Mwalimu Barasa alitoka barazani na kikombe cha chai. Watoto mia mbili wakatuzunguka.

“Ejok,” akasalimu Ata.

“Ejok,” akajibu mwalimu, na hapo Kiturkana chake kikawa kimekwisha. Ikabidi mimi nitafsiri. Nilikuwa mshtakiwa na mkalimani wa kesi yangu mwenyewe.

“Mwambie,” Ata alisema, “kesi ya mali haisikilizwi na mtu mmoja. Nimeleta mashahidi wawili. Mmoja ana kitabu, mwingine ana sikio.”

Nikatafsiri. Mwalimu akamtazama mbuzi. “Mwambie nyanya yako sina kesi ya mbuzi.”

“Hajashika sikio bado,” Ata akasema. “Ashike.”

Sijui kwa nini alishika. Labda kwa sababu alikuwa amelelewa vizuri na aliyekuwa mbele yake alikuwa mzee. Aliweka kikombe chini, akainama, akalishika sikio la mbuzi kwa vidole vyenye chaki. Ata akamwuliza mwalimu ni mbuzi wa nani. Akasema ni wa Ata. Ata akamwambia apapase tena, kwenye ukingo. Kulikuwa na mikato miwili, mmoja wa zamani na mmoja mpya.

“Wa zamani si wangu,” Ata alisema, nami nikatafsiri nikiangalia vidole vya miguu yangu. “Ni wa rafiki yangu wa Kainuk. Alinipa mama wa ukoo huu mwaka ambao zizi langu lilibaki miiba mitupu, na uzao wake wote naukata kwa alama yake kwanza, kisha yangu. Maziwa ni yangu. Watoto ni wangu. Hakuna atakayeninyang’anya. Lakini ningeacha kukata alama yake, nikasema mbuzi hawa walizaliwa kwangu tangu mwanzo wa dunia, ningekuwa mwizi wa kitu nilichopewa. Mtoto hakusema Wazungu warudishe mbuzi. Amesema waonyeshe masikio.”

Mzee Lual akaona zamu yake imefika, akafungua mfuko wa unga. “Mwalimu, mimi niko na ushahidi. Sukar, page hii hapa.”

Mwalimu Barasa aliangalia ukurasa, akamwangalia Mzee Lual, akamwangalia Ata. Hakucheka, na kwa hilo nimemsamehe mengi. Aliingia ofisini, akarudi na daftari langu. “Mwambie nyanya yako nimemwelewa,” aliniambia kwa sauti ya chini. “Na wewe, Akiru, sikiliza. Mtihani hautauliza masikio ya mbuzi. Daftari hili nisilione tena darasani.”

Nilitafsiri sentensi ya kwanza tu.

Na mwalimu alikuwa sahihi. Mtihani haukuuliza. Nilijifunza kuandika maana moja kwa kila neno, ile inayotakiwa, na nikapita darasa la nane, nikapita kidato cha nne, nikafika chuo kikuu kusomea Kiingereza na ualimu. Wiki ya kwanza kila mtu alisema “campus” hiki, “campus” kile, nami nikakumbuka kwamba nilikuwa nimefika kwenye uwanja mmoja wakati Mzee Lual amebaki katika uwanja ule mwingine, wa tumbo moja na huu, akisubiri kuitwa. Alifariki nikiwa mwaka wa tatu, hajaitwa. Ata alimtangulia kwa miezi michache. Nilipotaka kuandika tasnifu yangu juu ya swali lake, walipewa au walichukua, mhadhiri aliniambia kwa upole kwamba swali hilo si la isimu. Nikabadilisha mada. Sikubishana. Mimi ni mtu wa kufikiri sana, na mtu wa kufikiri sana huwa na sababu nyingi nzuri za kukaa kimya.

Leo wanafunzi wangu wana simu za wazazi wao. Wakiuliza asili ya neno, jibu linakuja kabla sijafungua kinywa. Hawahitaji duka la mabati wala kidole cha mzee. Lakini katika shule hii bado mtoto akisema Kiturkana barazani jina lake huandikwa, na bado watoto wanazungumza Kiingereza kwa sauti ndogo ya watu waliovaa nguo za kuazima. Hilo halijabadilika hata kidogo. Ndiyo maana nilichora masikio. Sikuchora ili wakichukie Kiingereza, ninakipenda na kinanilisha. Nilichora ili mtoto anayeaibika kwa sababu neno lake limetoka zizi la Kiturkana ajue kwamba lugha anayoiogopa ina mikato ya watu tele masikioni, kama vile Kiswahili changu kilivyochukua shule kwa Wajerumani, meza kwa Wareno na serikali kwa Waajemi, na hakikuwa kidogo kwa hilo. Hakuna kundi la mbuzi wa zizi moja. Anayesema lake ni la zizi moja ameacha kukata alama ya mtu.

Jumapili mama aliniletea chakula, akanikuta nimekaa na karatasi tupu. Alisoma barua ya mwalimu mkuu polepole.

“Mtaka cha mvunguni sharti ainame, mwanangu,” alisema. “Ukuta ni ukuta. Paka nyeupe, upate mkataba, halafu utasema unayotaka.”

“Nimeinama tangu darasa la sita, Mama.”

“Na umekula kila siku.”

“Nimekula.”

Alinitazama, akafunua sahani. “Basi kula na leo, ndipo uandike. Ukiandika na njaa utaandika matusi.”

Nilikula. Kisha niliandika rasimu ya kwanza ya kurasa tatu, yenye hoja kumi na moja na msamaha katika kila aya. Nikaichana. Ya pili ilikuwa na ukurasa mmoja na misamaha miwili. Nikaichana. Ya mwisho ilikuwa na mistari michache, nami kwa mara ya kwanza maishani sikuisoma tena.

Jumatatu, kabla ya gwaride, nilimpelekea mwalimu mkuu mkononi. Aliisoma akiwa amesimama. Nilikuwa nimeandika kwamba kila kilichoandikwa ukutani ni kweli na ninaweza kukionyesha katika kamusi yoyote nzuri. Kwamba sitaufuta ukuta kwa mkono wangu. Na kwamba mwenye kutaka ufutwe aufute mwenyewe, mchana, mbele ya darasa la tano, na awajibu watakapomwuliza kwa nini.

Aliikunja barua. “Mwalimu Akiru, umefikiri vizuri kuhusu jambo hili?”

“Nimefikiri siku nne, mwalimu,” nikasema. “Nimemaliza.”

Kengele ililia. Nilimuaga, nikaenda darasani, nikawaambia watoto wabebe viti vyao nje, wakae mbele ya ukuta, na kila mmoja achague neno moja atakaloulizia: walipewa au walichukua?